Sakafu ya Nyumba ya Pwani: Historia ya Vifaa, Maneno na Gharama Zake

Wengi walioandika juu ya nyumba za Waswahili wameanza na mlango, wakaendelea na zidaka za ukutani, baraza na madaka, na mwisho wakaeleza jinsi paa lilivyoezekwa. Wachache sana walioinamisha macho wakatazama chini. Jambo hili halina ajabu, kwani mlango huonekana na kila mpita njia, na sakafu huonekana na yule tu aliyekaribishwa ndani. Lakini mtu akitaka kujua mwenye nyumba alikuwa na uwezo gani, na uwezo huo ulitoka wapi, hana budi kuitazama sakafu. Maana mlango mzuri waweza kununuliwa mara moja, au kurithiwa, au kuletwa kutoka nyumba nyingine, bali sakafu hufanywa mahali pake, kwa kazi ya watu.

Katika makala haya nataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba watu wa pwani, tangu zamani za kale, wamechagua kitu cha kukanyaga kwa kadiri ya mali yao, sawasawa na afanyavyo leo mtu anayejenga Temeke au Likoni. Lakini mali hiyo haikuwa fedha peke yake. Ilikuwa ya namna tatu: kazi ya watu, muda wa kungoja, na fedha. La pili ni kwamba maneno tunayoyatumia katika habari za sakafu yamehifadhi historia hiyo, na mara nyingine yameihifadhi vizuri zaidi kuliko magofu yenyewe.

I. Chini na sakafu

Tuanze na lugha. Kiswahili kina neno la asili la mahali pa kukanyaga, nalo ni *chini*. Neno hili ni la jamaa moja na *nchi*, ambalo watu wa Mvita hulitamka *nti*. Kwa hiyo mtu anapomwambia mgeni wake, 'Kaa chini', kwa asili ya maneno amwambia akae juu ya ardhi. Kwa watu ambao nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, hapakuwa na haja ya neno jingine. Ardhi iliyo ndani ya nyumba ilikuwa ardhi ile ile iliyo nje, ila imesawazishwa, imeshindiliwa na kusiribwa.

*Sakafu* ni neno la kigeni, nalo latokana na Kiarabu *saqf*. Lakini katika Kiarabu neno hilo si jina la kitu kinachokanyagwa. Ni jina la kitu kinachofunika, yaani dari au paa. Basi neno limegeuka maana yake juu chini. Limegeukaje? Jibu limo katika ujenzi wenyewe. Katika nyumba ya mawe ya pwani yenye paa la kubapa, paa na sakafu ya ghorofani ni kitu kimoja, kilichofanywa kwa vifaa vile vile, na mafundi wale wale, kwa namna ile ile: ni tabaka nene la chokaa na mawe madogo lililolazwa juu ya boriti. Aliye chini huliona kuwa ni dari. Aliye juu hulikanyaga. Waswahili hawakulichukua neno kuwa jina la mahali, bali jina la kitu chenyewe, yaani lile tabaka gumu la chokaa, popote lilipo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado yalipa neno *sakafu* maana zote mbili, ya paa la mawe na ya sakafu ya chini. Kitendo chake ni *kusakifu*, yaani kuitengeneza sakafu hiyo.

Yafuata kwamba, kwa maana yake ya zamani, sakafu haikuwa kitu ambacho kila nyumba ilikuwa nacho. Nyumba ya udongo ilikuwa na chini. Nyumba ya mawe ilikuwa na sakafu. Leo twasema 'sakafu ya udongo' na 'sakafu ya mbao' bila kusita, na wanajiografia husema 'sakafu ya bahari', na mwenye mapenzi husema neno lake latoka katika 'sakafu ya moyo'. Hayo ni matumizi yaliyopanuka baadaye, kitu chenyewe kilipoacha kuwa cha wachache.

II. Sakafu ya udongo

Haifai kudhani kwamba nyumba za mawe ndizo zilizotangulia na kwamba nyumba za udongo ni za watu walioshuka hali. Uchimbuzi wa mahali pa kale waonyesha kinyume chake. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980, makao ya kwanza ya karne ya 8 yalikuwa ya miti na udongo, na hata misikiti ya mwanzo ilijengwa kwa miti kabla ya kujengwa kwa mawe. Nyumba za kukaa watu zilikuja kujengwa kwa mawe baadaye sana, katika karne ya 14. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa katika mwaka 1331, aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya miti, na nyumba za Kilwa pia alizieleza kuwa za miti, ingawa twajua kwamba wakati ule Kilwa ilikuwa na Msikiti Mkuu wa mawe na jumba la Husuni Kubwa. Basi yaelekea kwamba aliyatazama makao ya watu wengi. Na watu wengi walikanyaga udongo.

Sakafu ya udongo si kazi ya mtu mvivu. Kwanza ardhi hupandishwa ili maji ya mvua yasiingie ndani. Kisha hujazwa kifusi, hushindiliwa, na juu yake hutiwa udongo mzuri. Katika sehemu nyingi za bara, udongo unaopendwa ni ule wa kichuguu, kwani mchwa wameuchagua na kuusaga, nao ukikauka hushikamana sana. Mwishowe hupakwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo laini au majivu, ili kuzuia vumbi na nyufa. Kazi hiyo ya kusiriba hurudiwa tena na tena, na kwa desturi ni ya wanawake. Gharama yake, basi, haiko katika kununua bali katika kutunza. Mwenye sakafu ya udongo halipi siku ya kwanza. Hulipa kidogo kidogo maisha yake yote, na kwa kweli anayelipa ni mke wake na binti zake.

Juu ya udongo hutandikwa mkeka. Hapa tena ni kazi na muda, wala si fedha. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili, na ukili hushonwa mpaka ukawa mkeka. Kwa mahali pa watu wengi lilitandikwa jamvi, lililo gumu zaidi, lililosukwa kwa miyaa. Wenye mali walitandika pia mazulia. Jina hilo lajulikana mpaka leo katika Kiarabu cha Ghuba, nalo lilikuja pamoja na kitu chenyewe. Lakini ifahamike kwamba mkeka haukuwa alama ya umaskini. Katika nyumba ya mawe yenye sakafu bora mikeka ilitandikwa vile vile, na wageni walivua viatu mlangoni. Tofauti ya tajiri na maskini ilikuwa chini ya mkeka.

III. Sakafu ya chokaa

Sasa tuitazame sakafu hasa. Mawe yake ni matumbawe, na chokaa yake pia ni matumbawe. Magogo yalipangwa mviringo, juu yake yakapangwa mawe, na tanuu likawashwa. Mawe ya chokaa yakipata joto la kiasi cha digrii 900 za Selsiasi hutoa hewa iliyofungwa ndani yake na kubaki chokaa kali. Yakitiwa maji hulainika kuwa unga au rojo. Na rojo hilo likikaa hewani huivuta tena hewa ile ile na kurudi kuwa jawe. Kwa hiyo sakafu ya chokaa ni jawe lililofanywa kuwa unga, likaandaliwa kama atakavyo fundi, kisha likaachwa lirejee ujawe wake. Lakini kurejea huko ni kwa polepole, miezi na hata miaka, na chokaa yenyewe ilikuwa bora ikiwa imekaa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Mtu mwenye haraka hakuweza kuipata sakafu nzuri, hata awe na mali kiasi gani.

Kwa sakafu ya ghorofani, boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta mpaka ukuta. Kwa kuwa boriti ifaayo kubeba uzito ule haikuwa ndefu sana, vyumba vya pwani vikawa vyembamba, kiasi cha mita 2.5 mpaka 3, yaani mikono mitano au sita, ingawa urefu wake waweza kuwa wowote. Kanuni hiyo ilifuata biashara ya boriti ng'ambo ya bahari. Nyumba za kale za Oman na za miji ya Ghuba, zilizojengwa kwa boriti za Lamu na za Rufiji, zina vyumba vya upana kama huo. Juu ya boriti yalipangwa mawe bapa, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, mchanga au udongo mwekundu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tabaka hilo lilipigwapigwa kwa vipande vya mti, siku baada ya siku, huku likinyunyiziwa maji, mpaka likashikana lisiweze kupitisha mvua. Lugha imeihifadhi kazi hiyo katika kitendo *kupigilia*, na chombo chake katika neno *kipande*, ambalo kamusi za zamani zalieleza kuwa ni kigongo cha kupigilia sakafu, mbali na maana yake ya kawaida. Watu walijipanga safu wakapigilia kwa mwendo mmoja, na ili mwendo usivunjike waliimba.

Ni watu gani hao? Swali hili halikwepeki. Katika karne ya 19, Unguja na miji mingine ya pwani, wengi wao walikuwa watumwa, wanaume na wanawake, ama wa mwenye nyumba mwenyewe, ama waliokodishwa kwa siku. Waliokodishwa kwa siku waliitwa *vibarua*, neno lililotokana na *barua*, kwa sababu ya kile kikaratasi walichopewa cha kuonyesha kazi ya siku. Na sehemu ya ujira wao iliwaendea mabwana zao. Basi twapotaja 'ufundi wa Waswahili wa zamani' katika sakafu za Lamu au za Mji Mkongwe, haki yatudai tukumbuke kwamba ugumu wake ulitoka katika mikono ya watu ambao hawakulala juu yake.

Kwa sababu hiyo sakafu ilikuwa tangazo la uungwana. Mawe hayakununuliwa ghali, yalitoka baharini; chokaa ilitoka katika mawe yale yale; boriti zilikatwa katika mikoko iliyo karibu. Kilichokuwa adimu ni mtu kuwa na uwezo wa kuwaamuru watu wengi kwa siku nyingi, na kuwa na subira ya kungoja. Ndiyo maana yawezekana kusema kwamba gharama ya sakafu haikuwa katika sakafu.

Hesabu hiyo ilibadilika utumwa ulipokomeshwa kisheria: Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Tangu hapo kila pigo la kipande lilikuwa na bei yake. Kwa maoni yangu, badiliko hili lilisaidia kuiondoa sakafu ya chokaa kuliko upungufu wowote wa chokaa yenyewe. Kitu kilichokuwa rahisi kwa sababu watu hawakulipwa, kikawa ghali mara walipolipwa. Na wakati ule ule kikaja kitu kingine kisichohitaji watu wengi wala miezi ya kungoja.

IV. Saruji

Saruji ya Portland ilipewa hati ya ubunifu Uingereza katika mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuja kwa meli, nayo kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha serikali, cha makampuni na cha matajiri. Jina tulilolipa lastahili kutazamwa. Wengine husema *simenti*, kutoka Kiingereza. Lakini *saruji* ni neno la zamani zaidi kuliko kitu chenyewe. Katika Uajemi na Oman, *saruj* ni namna ya udongo wa kujengea usiopenya maji, uliofanywa kwa udongo uliochomwa au kwa chokaa iliyochanganywa na vitu vingine, na katika Oman ulitumiwa hasa katika mifereji ya maji na mabirika. Kwa hiyo Waswahili walipokiona kitu kipya kutoka Ulaya hawakukiona kuwa kigeni kabisa. Walikipa jina la ndugu yake wa zamani.

Namna hiyo hiyo imetokea kwa maneno mengine. *Niru*, ambalo laelekea kuwa jamaa ya Kiarabu *nura*, yaani chokaa, lilikuwa jina la chokaa laini ya kumalizia. Leo fundi wa Dar es Salaam 'apigaye niru' hupaka rojo la saruji juu ya sakafu mbichi na kuling'arisha kwa mwiko. *Kigae* kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika, kisha kigae cha kuezekea. Sasa ni kile kinachobandikwa sakafuni. Na *jamvi*, lile la miyaa lililotandikwa juu ya udongo, limekuwa jina la tabaka la zege linalomwagwa juu ya kifusi kabla ya kuta kupandishwa. Fundi asemapo 'Kesho twamwaga jamvi', hakumbuki ukili. Lakini lugha yakumbuka kwamba kitu cha kwanza kutandikwa juu ya ardhi kilikuwa jamvi.

Saruji ilishuka kuwa kitu cha watu wengi ilipoanza kutengenezwa hapa hapa: Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1954, na Wazo, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1966. Hapo mwalimu, karani na mfanyakazi wa bandari waliweza kununua mfuko mmoja mmoja. Sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta ikawa fahari ya nyumba nyingi. Wenye uwezo zaidi walitia terazo, yaani vipande vya marumaru ndani ya saruji vilivyosagwa mpaka vikalainika, na hivyo wakapata sura ya marumaru bila bei yake. Marumaru yenyewe Sultani Barghash alikwisha kuitia katika Beit al-Ajaib mwaka 1883, katika jengo lililosimama juu ya nguzo za chuma na ambalo halikutawaliwa tena na urefu wa boriti. Katika miaka ya 2016 na 2017 vilifunguliwa viwanda vikubwa vya vigae huko Kajiado na Chalinze, na kigae kikaanza kuwa kitu ambacho mtu wa kipato cha kati akihesabu katika makisio yake.

V. Funza na papasi

Yuko msomaji atakayeuliza: kama sakafu ya udongo iliwafaa wazee wetu kwa karne nyingi, kwa nini leo watu wa afya waipiga vita? Historia ina jibu. Ardhi ni ile ile, lakini wadudu wake si wale wale. Funza anayeingia katika vidole vya miguu hakuwa mdudu wa Afrika. Alikuja kwa meli kutoka Brazil mpaka pwani ya Angola katika mwaka 1872, akavuka bara lote kwa njia za misafara, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amekwisha fika pwani yetu na Unguja. Mdudu huyu hukua katika vumbi na mchanga mkavu, na sakafu ya udongo isiyosiribwa vizuri ni makao yake mema. Wazee walioishi kabla yake hawakuwa na sababu ya kumwogopa.

Papasi ni mwenyeji wa zamani. Hukaa katika nyufa za sakafu na za kuta za udongo, na usiku hutoka kunyonya damu. Katika mwaka 1905 Dutton na Todd walithibitisha huko Kongo kwamba papasi ndiye aletaye ile homa ya kurudiarudia, na Dutton mwenyewe akafa huko Kasongo mwaka huo huo. Robert Koch naye aliichunguza homa hiyo mwaka ule ule katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, akawakuta papasi katika vituo vya misafara. Sakafu isiyo na nyufa humwondolea makao. Kwa hiyo suala la sakafu si la fahari tu. Ni la miguu ya watoto na usingizi wa usiku.

Lakini haifuati kwamba dawa ni saruji peke yake. Kinachotakiwa ni uso mgumu, usio na vumbi wala nyufa, unaoweza kuoshwa. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2014, shirika la EarthEnable limekuwa likitengeneza sakafu za udongo na changarawe zilizoshindiliwa sana, kisha zikapakwa mafuta ya mbegu yanayokauka na kuwa kama ngozi isiyopitisha maji. Mtu asomaye historia ya pwani hatashangaa. Huko ni kurudia kanuni ya zamani: kushindilia chini, na kufunga juu.

VI. Hesabu ya mjenzi wa leo

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Jamvi la zege la sentimita 10 ni mita za ujazo 1.2, kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga tatu na kokoto sita, litataka kiasi cha mifuko 5 ya kilo 50. Sakafu ya juu ya sentimita 3, kwa saruji moja na mchanga minne, itataka mifuko 3 hivi. Jumla ni mifuko 8, pamoja na kifusi, mchanga, kokoto na ujira. Mtu akitaka vigae, atanunua vya mita za mraba 13 na zaidi kidogo, kwa sababu vingine hukatwa na kuvunjika. Lakini mifuko ile 8 haipungui, tena huongezeka ya kubandikia. Hapa ndipo wengi hukosea makisio yao. Wadhani kwamba wanachagua baina ya saruji na vigae, na kumbe kigae ni nguo tu, na saruji ndiyo mwili. Kigae kilichobandikwa juu ya jamvi hafifu hupasuka pamoja nalo. Mwenye fedha kidogo atafanya vema kuzitia zote katika kifusi kilichoshindiliwa na jamvi zuri, apige niru, atandike mkeka, na vigae avingojee mpaka mali ipatikane. Wazee walisema mtu hujikuna ajipatapo, na katika jambo hili neno lao ni kanuni ya ujenzi.

Kwa mtu mwenye nyumba ya kale ya mawe, hesabu ni nyingine. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua: hunywa unyevu wa ardhi na kuutoa. Saruji ikimwagwa sakafuni na kupakwa kutani huufungia unyevu huo ndani, nao hupanda ukutani pamoja na chumvi, na lipu ikaanza kumomonyoka. Mwenye nyumba huona ameokoa fedha mwaka wa kwanza, na baada ya miaka michache huanza kulipa. Chokaa hupasuka pia, lakini nyufa zake huzibwa kwa chokaa. Na kila mtu ajua habari ya asiyeziba ufa.

Hata hivyo haifai kumlaumu. Anayeambiwa atumie chokaa yataka aonyeshwe chokaa iko wapi, na fundi yu wapi, na boriti zitatoka wapi katika nchi ambazo ukataji wa mikoko umewekewa mipaka. Kenya ilikataza kupeleka boriti nje tangu mwaka 1982, kwa sababu misitu ilikuwa ikiisha. Lamu, Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimo katika orodha ya urithi wa dunia, na heshima hiyo ni kubwa. Lakini orodha haipigilii sakafu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka, na wote waliopenda mji ule walielewa siku hiyo kwamba jengo halisimami kwa sifa zake. Husimama kwa watu wanaojua kulitunza, na watu hao hulipwa.

VII. Kazi iliyobaki

Katika Songo Mnara wachunguzi wa leo wamechukua udongo wa sakafu za nyumba za kale, wakaupima ili kujua mahali palipopikwa, mahali palipofanyiwa kazi na mahali palipopitwa na miguu mingi. Ni elimu nzuri sana. Lakini sakafu inaweza kuhojiwa kwa njia ya pili, iliyo rahisi zaidi, nayo ni kuwauliza walioitengeneza. Bado wapo mafundi wazee, Lamu, Pate, Unguja na Pemba, ambao wamechoma chokaa kwa mikono yao. Na wapo watu waliosikia nyimbo za kupigilia, ama waliziimba.

Kwa hiyo naomba kwamba wanafunzi wetu wa lugha watokao pwani wakusanye maneno ya kazi hii likizo ijayo: majina ya tabaka za sakafu moja moja kutoka boriti mpaka juu, majina ya magogo yafaayo tanuu na yasiyofaa, ishara ambazo fundi hutambua kwazo kwamba chokaa imeiva, majina ya vipande, vizito na vyepesi, maneno ya kipimo, na nyimbo, zikiandikwa pamoja na mapigo yake. Yaandikwe pia majina ya waliopigilia, pale ambapo bado yanakumbukwa. Majina ya wenye nyumba tunayo tayari.